Jasho la Tanga linadanganya: utajuaje kama tizi lako lina kazi ndani yake?

#1 Mgosi wa Sahare

Wana Tanga, salaam aleikum na habari za jioni.

Uzi huu ni wa wale ambao wako mwezi wa nne wa tizi, na kitambi kipo, pumzi ni ileile, pushapu idadi ileile. Ukimwuliza mtu, anakujibu, "Nafanya kweli, naloa chapachapa." Kosa linaanzia hapo. Mji huu mtu analoa akiwa amekaa kibarazani anacheza bao! Jasho ni njia ya mwili kujipooza, na hewa ya pwani ikishajaa unyevu halikauki, linachuruzika tu. Kuanzia Januari mpaka Machi linaweza kujaza ndoo na bado lisikuambie misuli imefanya kazi kiasi gani.

Mwili haujengi kitu usichoulazimisha kujenga. Ukinyanyua kitu chepesi, misuli inaamsha nyuzi ndogo peke yake, zile zisizochoka upesi. Nyuzi kubwa, ambazo ndizo zenye nguvu na ndizo zinazonenepa zaidi, huitwa kazini mzigo ukiwa mzito au zile ndogo zikikaribia kushindwa. Kwa hiyo anayepiga mara 10 za kitu anachoweza kukipiga mara 25, kisha akaweka chini na kushika simu, zile kubwa zimelala tangu mwanzo hadi mwisho.

Pima hivi. Chagua zoezi moja, pasha mwili vizuri, kisha siku moja tu lipige mpaka mwili ugome kulirudia kwa umbo lilelile. Andika idadi. Tuseme umepata 22, na kila siku umekuwa ukipiga seti tatu za 10. Maana yake kila seti unaiacha ukiwa na akiba ya mara 12. Seti ya kujenga iachwe ikiwa na akiba ya mara 1 hadi 3. Ikifika 5 na kuendelea, hiyo hesabu kama kupasha.

Dalili unayoweza kuiona kwa macho: marudio ya mwisho hupungua kasi yenyewe, wewe ukiwa umesukuma kwa nguvu zote. Kama la kumi limepanda kwa kasi ya la kwanza, bado hujaanza.

Na daftari. Bila daftari kila siku ni siku ya kwanza.

---

#2 Kijana wa Barabara ya Tisa

Mgosi umenigusa. Swali la kitaalamu: mtu anapiga pushapu 20 mara tatu, kila siku asubuhi, kifua hakisogei. Aongeze ziwe 50? Au mpaka aende jimu?

---

#3 Fundi Vyuma

Mdogo wangu, kabla ya kuongeza idadi, jua pushapu ni kilo ngapi. Ya kawaida, mwili ukiwa umenyooka, mikono inabeba kama asilimia 64 ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 anasukuma kama kilo 45. Akipiga magoti chini inashuka mpaka kama asilimia 49. Mikono akiiweka juu ya meza ya sentimita 60, ni asilimia 41 tu. Miguu ikipandishwa juu ya kitu cha kimo hichohicho, inakuwa asilimia 74, yaani kama kilo 52.

Una ngazi nzima hapo na hujatoa hata shilingi. Asiyeweza hata moja aanze mezani. Aliyezoea 20 apandishe miguu kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani. Na kiti cha plastiki usikiamini, kinateleza kwenye vigae.

Kabla hujapandisha miguu, rekebisha hizo 20 zenyewe. Tisa kwa kumi ni nusu pushapu: kiuno kimelegea kama chandarua, kichwa kinatangulia, kifua kinaishia juu. Weka kiberiti kwa kimo chake chini ya kifua, kila mara ukiguse. Shuka kwa hesabu ya tatu, gusa, panda. Viwiko visifunguke kama mabawa, viweke kama nusu ya njia kati ya mbavu na usawa wa mabega. Wengi wakifanya hivi 20 zao zinageuka 11, na hapo ndipo kazi inaanza.

Halafu hiyo "kila siku" iache. Siku tatu kwa wiki, seti 3 au 4, kila moja uiache na akiba ya 1 au 2, pumzika dakika mbili hadi tatu katikati. Watu wanaona kupumzika sekunde 30 ndiyo ukali. Inakuletea kuhema tu. Pumzi inakuzuia kabla misuli haijamaliza kazi yake.

Ukivuka 20 na miguu ikiwa juu, vaa begi la mgongoni. Mchanga mkavu lita moja ni kama kilo 1.6, kwa hiyo lita 5 ni kama kilo 8. Uweke ndani ya mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, la sivyo utaufagia sebuleni. Na begi lifunge kifuani, lisije likakutembelea hadi kisogoni.

---

#4 Bi Mkubwa Chumbageni

Nyie wa vyuma tumewasikia. Sasa na sie wa kutembea je? Kila jioni barabara ya Raskazone imejaa akina mama, na wengi hawaoni tofauti yoyote. Sababu yake naijua, na nitaisema hata kama mtanuna: soga.

Ukiweza kusimulia harusi nzima kuanzia kuposa mpaka fungate bila kukata pumzi, hiyo ni matembezi ya kupunga upepo. Ni mazuri kwa moyo uliochoka na mawazo, lakini pumzi hayaongezi. Mwendo wa kati ni ule ambao unaweza kuzungumza ila kuimba huwezi. Mwendo mkali ni maneno mawili matatu, unavuta pumzi.

Utaratibu wa Wajapani unafaa sana kwa watu wazima: dakika 3 haraka kama unayekimbilia daladala ya mwisho, dakika 3 polepole, unarudia mara 5. Nusu saa imekwisha. Siku nne kwa wiki au zaidi. Soga piga kwenye zile dakika za polepole, na kwenye za haraka kila mtu anyamaze.

Kandambili acheni nyumbani. Zinakulazimisha kuzikaza kwa vidole, hatua inafupika na nyayo zinauma. Baibui zito nalo lina joto lake, tafuteni kitambaa chepesi kinachopitisha hewa.

---

#5 Kijana wa Barabara ya Tisa

Bi mkubwa shikamoo. Hiyo ya harusi nimemsomea mama hapa, amenuna kweli.

---

#6 Bi Mkubwa Chumbageni

Marahaba mwanangu. Mwambie kesho saa 11 jioni atoke.

---

#7 Pedali Moja

Tanga ni mji wa baiskeli na mji wa tambarare. Baraka, lakini pia ni mtego. Baiskeli ikishashika mwendo kwenye tambarare inajiendea, unaweza kupiga pedali saa nzima moyo usijue kama umetoka nyumbani.

Mojawapo ya mazoezi yenye nguvu zaidi kwa pumzi ni la dakika nne mara nne. Pasha dakika 10. Kisha dakika 4 za nguvu, dakika 3 za kupiga pedali taratibu bila kusimama, mpaka zitimie nne. Malizia dakika 5 za kupoa. Jumla dakika 40. Linafaa kwa kukimbia pia.

Linakoharibika ni palepale kila mara: dakika nne za kwanza mtu anazipiga kama anafukuza mwizi, za tatu anazembea, za nne anazikokota. Ukali wake ni wa kulingana. Dakika ya kwanza ya kila raundi ionekane rahisi kidogo, ya nne ndiyo ikufikishe kwenye maneno mawili. Kipimo chake ni nguzo za umeme. Hesabu umepita nguzo ngapi raundi ya kwanza. Raundi ya nne ikipungua zaidi ya nguzo mbili tatu, ulianza kwa pupa. Ikizidi nyingi, ulikuwa unajionea huruma.

Na upepo uandike daftarini. Unaoenda nao unakusukuma, wa kurudi unakukaba. Usilinganishe siku ya kusi iliyochachamaa na siku ya shwari halafu ukasema umerudi nyuma.

Mwisho, kiti. Baiskeli nyingi hapa mjini kiti kiko chini mno, magoti yanakaribia kugusa usukani. Kaa juu ya kiti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki limepinda kidogo, inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini, paja linashindwa kutoa nguvu na goti linaumia mbele. Watu wanasema "mazoezi makali yameniumiza" kumbe ni spana moja.

Msifanye hili kwenye barabara kuu ya Muheza. Malori hayajui raundi ya nne.

---

#8 Nesi Mstaafu

Nimesoma kwa utulivu, mengi ni sahihi. Lakini mkiendelea hivi bila breki mtajaza watu wodini.

Kwanza, ukali si wa kila siku. Hata wakimbiaji wakubwa wa masafa marefu, sehemu kubwa ya kilomita zao ni za mwendo wa kuzungumza. Siku ngumu ni mbili, nyingi sana tatu. Anayefanya siku zote "ngumu kiasi" anaishia kwenye uvuguvugu: siku rahisi hazimpumzishi, na siku ngumu hana nguvu ya kuzifanya ziwe ngumu.

Pili, kwa aliyekaa miaka mingi bila mazoezi, kutembea haraka tayari ni kazi kali. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kati kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Anzeni kufika 150 kwanza.

Tatu, ile hesabu ya 220 toa umri, ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika. Kwa mtu wa miaka 40 inatoa mapigo 180, lakini moyo wake halisi unaweza kuishia 168 au 192 na vyote ni vya kawaida. Na anayetumia dawa za presha za kupunguza mapigo, kama atenolol au propranolol, saa ya mkononi itamdanganya kabisa, mapigo hayapandi inavyotarajiwa hata akichoka hoi. Huyo atumie kipimo cha kuzungumza alichosema bi mkubwa.

Mwenye presha, kisukari au historia ya moyo aanzie kliniki. Maumivu ya kifua yanayobana, kizunguzungu, pumzi inayokatika kuliko kazi unayofanya: simama hapohapo, nenda hospitali. Na kwenye vyuma msizuie pumzi kwa muda mrefu, presha inaruka juu. Toa pumzi wakati wa kusukuma.

---

#9 Mgosi wa Sahare

Nesi nakubali, nilipaswa kuliweka hilo mwanzoni. Basi wiki ya mtu wa kawaida naiona hivi: Jumatatu na Alhamisi vyuma au pushapu na skwati, Jumanne raundi za dakika nne, Jumamosi mwendo mrefu wa kuzungumza, saa moja au zaidi. Siku zilizobaki tembea tu, nenda sokoni kwa miguu. Ukali ukikaa siku zake, unakuwa ukali kweli.

Kwa wanaokimbia ufukweni: mchanga laini unakula nguvu mara moja na nusu na zaidi ya barabara kwa mwendo uleule, kwa hiyo usishangae kasi kushuka. Subiri maji yakupwe, mchanga mgumu ulioachwa wazi ndio uwanja. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, leo yakikupwa saa 12 asubuhi, kesho ni karibu saa 1 kasoro. Ila mteremko wa ufukwe ni wa upande mmoja, ukienda mbali bila kugeuza, nyonga moja itakulalamikia.

---

#10 Binti Makorora

Mimi naomba kuuliza mawili. La kwanza, nikiamka siku ya pili sina maumivu, ina maana sikufanya kitu? La pili, Ramadhani inafanyikaje?

---

#11 Fundi Vyuma

Dada, maumivu yanakuja na ugeni wa zoezi. Ukianza skwati leo baada ya miezi mitatu, keshokutwa utashuka ngazi kinyumenyume hata kama ulizipiga kivivu. Kilele chake ni saa 24 hadi 72. Ukishazoea yanapungua huku nguvu inaendelea kupanda, kwa hiyo tazama daftari: uzito umepanda, au idadi imepanda, au kiberiti kimeguswa kila mara.

Ramadhani punguza wingi, usipunguze uzito. Kama kawaida unapiga seti 4, piga 1 au 2, lakini uzito uleule na akiba ileile. Nguvu inalindwa na mzigo, na theluthi ya seti zako inatosha kwa mwezi mmoja. Wakati mzuri ni baada ya futari nyepesi na tarawehe, maji na chakula vimeingia. Wanaopenda nusu saa kabla ya magharibi wafanye kutembea tu. Raundi za dakika nne ukiwa umefunga kwenye joto hili, hapana.

---

#12 Nesi Mstaafu

Niongeze kwa dada: mkojo ukitoka rangi ya koka au chai ya rangi siku moja mbili baada ya mazoezi makali, na misuli imevimba na kukakamaa, hayo si maumivu ya kawaida. Misuli imevunjika kupita kiasi na figo ziko hatarini. Hospitali siku hiyohiyo. Huwapata zaidi wanaorudi kwa kasi: mtu hajafanya kitu mwaka mzima, rafiki anampeleka akapige kichurachura 200.

Na maji. Jipime uzito kabla na baada, ukiwa umejifuta jasho. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Chini ya saa moja, maji matupu yanatosha. Zaidi ya hapo kwenye jua, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linatoa sodiamu zaidi. Kunywa dafu, kisha kula kitu chenye chumvi.

Anayetoka bara lenye baridi, kama Lushoto, ajipe siku 10 hadi 14 kabla ya kudai kasi yake ya huko. Moyo hapa unapeleka damu kwenye ngozi kupooza mwili, miguu inapata iliyobaki.

---

#13 Kijana wa Barabara ya Tisa

Fundi nimejaribu kiberiti. Sisemi nimepata ngapi.

Sasa tunataka kumwaga vyuma vya saruji uani, makopo ya rangi ya lita 4. Tatizo ni kwamba ukishamwaga, uzito ni mmoja milele. Tutaongezaje?

---

#14 Fundi Vyuma

Hahaha, karibu kwenye ukoo.

Kopo la lita 4 likijaa zege linatoa kama kilo 9 na nusu. Mawili ni 19, bomba la inchi moja la mita 1.8 ni kama kilo 4 na kitu. Jumla kama 23. Kwa mabega inamtosha anayeanza, kwa skwati ataizoea haraka.

Kuongeza ni chupa. Chupa ya nusu lita ya maji ni nusu kilo, ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu, ikijaa mchanga mkavu inakaribia kilo 2 na nusu. Funga mbili zinazolingana, moja kila upande, kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, karibu kabisa na kopo zisibembee. Sheria yake: anza na mara 8, wiki hadi wiki panda mpaka seti zote zifike 12, ndipo uongeze chupa na urudi 8. Chupa zikiisha, panda mpaka mara 20 au 25. Misuli inakua hata kwa idadi hiyo ilimradi umalizie karibu na kushindwa, ila itauma moyo kuliko mkono.

Makosa ya kumwaga: bomba tupu linazunguka ndani ya zege baada ya mwezi. Toboa tundu karibu na ncha, pitisha kipande cha nondo kiwe kama msalaba, ndipo uzamishe. Mwaga kopo la kwanza, simamisha bomba wima kwa timazi, lifunge kwenye mti au nguzo siku mbili. Kisha geuza, mwaga la pili. Ukimwaga yote siku moja umelaza chini, moja litakaa upande na utanyanyua ukiwa umeinama kama mchukuzi.

---

#15 Pedali Moja

Pimeni makopo yote mawili kwa mizani kabla ya kumwaga, kavu kwa kavu. Kokoto zikizidi upande mmoja utakuta tofauti ya nusu kilo.

---

#16 Kijana wa Barabara ya Tisa

Saruji na mchanga kiasi gani? Na tutaanza kunyanyua lini?

---

#17 Fundi Vyuma

Saruji moja, mchanga mbili, kokoto ndogo tatu, maji kidogo, iwe nzito inayokaa kwenye mwiko. Isikauke juani, funika gunia na ulimwagilie asubuhi na jioni siku saba. Mkinyanyua siku ya tatu kopo litabaki chini na bomba mtaondoka nalo.